JUMBA LISILOFUKA MOSHI

Mwaka huu chama chetu kiliomba makala ya mafunzo, yaani makala ambayo mtu akiyasoma anaondoka na kitu mkononi. Wenzangu wamechagua methali, ngeli na ushairi. Mimi nimechagua nyumba. Usicheke kwanza, ningojee.

Baba yangu mdogo, ambaye ana biashara yake pale Malaba, anataka kujenga jumba katika boma la nyanya upande wa Amukura. Vyumba vinne vya kulala, bafu mbili, vigae sakafuni, friji, televisheni ya ukutani. Isitoshe, anataka jumba hilo lijitegemee: maji yake lenyewe, stima yake lenyewe, moto wake lenyewe. "Nataka nyumba isiyoniletea bili na isiyofuka moshi," ndivyo alivyosema.

Sasa, jirani yetu mmoja alikwisha kujaribu jambo hilo. Alitandaza paneli za jua juu ya mabati, akapanga betri nne kubwa stoo, na siku ya kuhamia tulikula pilau huko chini ya taa zilizong'aa kama mchana. Kabla mwaka haujaisha betri zilikufa. Leo ukipita jioni utaona koroboi linawaka ndani ya sebule ya vigae. Fundi anamlaumu muuza betri, muuza betri anamlaumu fundi. Baba mdogo alipoona hivyo aliingiwa na hofu. Akaniita, akasema, "Wewe si unasoma fizikia? Nipigie hesabu kabla sijachimba msingi."

Makala haya ndiyo hesabu hiyo. Nimeiandika kwa Kiswahili ili aweze kumsomea fundi wake.

Nianze na stima, maana ndipo kila mtu huanzia. Kosa la jirani yetu, kwa maoni yangu, halikuwa la betri wala la fundi. Alinunua paneli kwanza, ndipo akaanza kufikiria atazitumia kwa nini. Ni kama mtu anayenunua sufuria kabla ya kujua wageni ni wangapi. Tuhesabu wageni kwanza.

Taa kumi za kisasa, kila moja wati 7, zikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia wati-saa 350. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4 ni 240. Friji ya wastani hula kama 1,000 kwa siku nzima. Simu, redio na tarakilishi tuzipe 200. Pasi ya wati 1,200 kwa robo saa ni 300. Tuongeze 100 za pampu ya maji, ambayo nitaieleza baadaye. Jumla ni 2,190. Watu wa stima huita 1,000 yuniti moja, kwa hiyo jumba zima latumia yuniti 2 na kidogo kwa siku. Hiyo si nyingi hata kidogo!

Lakini bado hatujaoga. Ile mashine ya bafuni inayochemsha maji yanapopita ni ya wati 5,000. Mtu mmoja akioga dakika 10 ametumia yuniti 0.83. Nyumba hiyo itakuwa na watu saba. Zidisha, utapata yuniti 5.8. Yaani kuoga peke yake kunakula zaidi ya mara mbili ya taa, friji, televisheni, pasi na vyote vilivyobaki vikiwekwa pamoja. Nilirudia hesabu hii mara tatu kwa sababu sikuamini.

Tumrudie jirani. Betri zake nne zilikuwa za volti 12 na ampea-saa 100. Volti mara ampea ni wati, kama tulivyofundishwa: 12 mara 100 mara 4 ni 4,800. Hata hivyo betri za risasi na asidi hazitaki kukamuliwa zaidi ya nusu, la sivyo zinazeeka upesi. Kwa hiyo alikuwa na 2,400 tu za kutumia kwa usalama. Watu watatu wakioga, zimekwisha. Na mle ndani wanaishi watu wanane.

Dawa yake si kuongeza betri. Dawa ni kulipa jua kazi ya kuchemsha maji moja kwa moja, bila kulipitisha kwenye paneli, nyaya na betri. Yale matangi ya juu ya paa yenye mabomba meusi hufanya kazi hiyo mchana kutwa na kuhifadhi maji ya moto hadi jioni. Siku ya mawingu maji yatakuwa vuguvugu. Basi, tutaoga vuguvugu. Tukifanya hivyo, paneli ya wati 400 ikipata jua kali kwa saa 5 hutoa 2,000. Tukiondoa asilimia 30 kwa ajili ya vumbi, joto na nyaya, zinabaki 1,400. Paneli mbili zinatosha, nami nimeandika tatu kwa ajili ya mawingu ya Aprili. Tungeweka mashine ya bafuni tungehitaji sita, na betri juu yake.

Jambo moja dogo kuhusu paneli. Vitabu vingi vya ng'ambo husema zielekezwe kusini. Hiyo ni kwa Ulaya, ambako jua huwa kusini daima. Sisi Busia tumekaa karibu kabisa na ikweta, hatufiki hata nyuzi moja kaskazini. Jua hutupita utosini mwezi wa Machi na Septemba, Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Paneli zetu zilale karibu bapa, ziinuke kidogo tu kama nyuzi 10 ili mvua izioshe. Na waya wa radi uteremshwe ardhini, kwa maana radi za huku kwetu mnazijua wenyewe.

Kuna mwenzangu aliyeniuliza, mbona nisiunganishe tu stima ya kawaida, ambayo si chafu? Swali zuri. Ni kweli sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Hata sisi wa mpakani tuna historia: bwawa la Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na nyaya zake zikavuka kutoka Tororo kuja Kenya. Kwa hiyo mtu akiunganisha stima hajatenda dhambi. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba moshi wa jumba hauko kwenye taa hata kidogo. Uko jikoni na uko kwenye matofali. Nitafika huko, ila maji kwanza.

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, umepata lita moja. Hiyo ndiyo kanuni yote, hakuna nyingine. Paa la baba mdogo likipimwa kutoka juu ni mita 12 kwa 10, yaani mita za mraba 120. Sehemu zetu za juu hupata kama milimita 1,500 kwa mwaka (ndugu zetu wa Bunyala karibu na ziwa hupata kidogo zaidi ya hapo kushuka, kwa hiyo wao wapige hesabu yao). 120 mara 1,500 ni lita 180,000. Maji mengine hurukia pembeni, na ya kwanza tunayaacha yaoshe vumbi la mabati, kwa hiyo tuhesabu asilimia 80: lita 144,000.

Watu saba wakitumia lita 50 kila mmoja, ni lita 350 kwa siku, au 127,750 kwa mwaka. Maji yanatosha na yanabaki! Mbona basi kila Januari twaonekana barabarani na mitungi? Kwa sababu mvua haiji kwa zamu ya kila siku. Ikipita miezi miwili ya kiangazi bila mvua ya maana, siku 60 mara 350 ni lita 21,000, na hizo lazima ziwe zimekwisha kuwekwa. Kwa mtungi wa lita 20 ni mitungi 1,050. Mimi ninayebeba mitungi hiyo nakuambia kwamba anasa ya kwanza ya jumba si vigae. Ni mfereji kutoa maji mwezi wa Februari.

Tangi la lita 24,000 nimelipendekeza lijengwe, si kununuliwa la plastiki. Huko ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Makerere, Daktari Moses Musaazi alitengeneza matofali ya udongo yaliyopinda, yanayoshikana kama meno, hasa kwa ajili ya matangi ya maji. Hushindiliwa kwa mashine ya mkono na hayachomwi. Ndani hupakwa lipu ya saruji ili yasivuje.

Sasa ile pampu. Tangi dogo la juu likiwa mita 6 kutoka ardhini, kuinua lita 350 ni kilo 350 mara 10 mara 6, yaani jouli 21,000. Inasikika kubwa. Lakini birika la stima la wati 2,000 hutumia jouli hizo kwa sekunde 10 na nusu! Hata pampu mbovu inayopoteza theluthi mbili za nguvu zake hutumia kama nusu dakika hivi ya birika. Kuinua maji ya siku nzima ya watu saba ni rahisi kuliko kuchemsha chai. Kumbe joto ndilo ghali, si mwendo. Ukishika jambo hilo moja umeelewa nusu ya makala haya.

Na joto linatupeleka jikoni. Katika maboma yetu, kuni na makaa ndiyo moto, na macho ya nyanya zetu yanajua. Nilipendekeza gesi ya samadi. Ng'ombe wawili wanaolishwa zizini hutoa kama kilo 40 za samadi kwa siku. Ukichanganya na lita 40 za maji ukatia ndani ya shimo lililofungwa, unapata karibu mita moja na nusu ya ujazo ya gesi. Jiko moja hula kama sehemu 0.4 kwa saa, kwa hiyo una saa tatu na zaidi za kupika. Ugali, mboga, chai ya asubuhi, tena maharagwe mkiyaloweka usiku.

Hapo mtu atauliza: gesi ikiwaka si inatoa kaboni dayoksaidi? Inatoa. Lakini kaboni hiyo ng'ombe aliila kwenye majani, na majani yaliivuta hewani msimu huu huu. Inazunguka, haiongezeki. Mafuta ya taa hutoa kaboni iliyolala ardhini mamilioni ya miaka. Hatari ya gesi ya samadi ni bomba linalovuja, kwa sababu methani isiyowaka hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule, ukihesabu miaka 100. Kwa hiyo sabuni ya povu kwenye viungo vya bomba kila mwezi, na palipo na mapovu pakazwe.

Nilipoisoma sehemu hii mbele ya chama, msichana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza, "Na ng'ombe wenyewe watakunywa wapi?" Darasa likaangua kicheko. Mimi nilikaa kimya. Kwa kweli nilikuwa nimewasahau! Maji yanayobaki kwenye hesabu yangu ni lita 16,250 kwa mwaka, sawa na 44 kwa siku, na hizo zinaishia kwenye kukoroga samadi. Ng'ombe wawili hunywa kama lita 100. Nilirudi nyumbani nikaongeza paa la zizi: mita za mraba 40 mara 1,500 mara asilimia 80 ni lita 48,000, yaani 131 kwa siku, pamoja na tangi lao la lita 6,000 la kiangazi. Asante, dada. Bila wewe ng'ombe wangekufa kwenye karatasi.

Choo nakipita upesi. Kingeweza kuunganishwa na shimo lile lile la gesi, na kuna mahali wanafanya hivyo. Nyanya alisema chakula chake hakitaivishwa na moto wa choo, na mjadala ukaishia hapo. Maji ya kuogea yaende kwenye migomba.

Nafika kwenye kuta, na hapa ndipo mimi na baba mdogo tulipovutana.

Ukisimama Malaba jioni, unaona jabali la Tororo limesimama ng'ambo, na malori yamepanga foleni hadi macho yachoke. Baadhi yamebeba saruji au vifaa vya kuitengenezea. Tororo pana mawe ya chokaa, ndiyo maana kiwanda kikawekwa pale. Wanakemia wenzangu wanajua kinachotokea jiwe la chokaa likichomwa: kila gramu 100 hutoa gramu 56 za chokaa na gramu 44 za kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo haitoki kwenye moto, inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Hata ungelichoma kwa jua ingetoka tu. Ongeza moto wa tanuri, na kila tani ya saruji inakuwa imeacha zaidi ya nusu tani ya kaboni dayoksaidi hewani. Matofali yetu ya kuchoma nayo hulishwa magogo ya mikaratusi usiku kucha. Kwa hiyo mtu anaweza kuhamia jumba lenye paneli na gesi ya samadi, aseme halina moshi, kumbe moshi wake ulikwisha kupanda kabla hajaweka pazia.

Pendekezo langu lilikuwa kuta za yale yale matofali ya kushindilia: udongo wa hapo hapo bomani, saruji kama sehemu 5 hadi 10 kwa mia, kukaushwa kivulini kwa kumwagiwa maji. Msingi uwe wa mawe, kwa sababu ya mchwa na maji ya mvua. Upande mrefu wa nyumba uelekee mashariki hadi magharibi ili madirisha yawe kaskazini na kusini, jua la saa kumi lisituchome. Chini ya mabati kuwe na dari, na matundu ya kutoa hewa moto. Nyumba ya nyasi ya nyanya ina baridi mchana kuliko darasa letu la mabati, na haina mashine yoyote. Hata lile jengo la Umoja wa Mataifa la Gigiri, Nairobi, lililofunguliwa mwaka 2011 na kusanifiwa lizalishe stima sawa na inayotumia, lina mita za mraba 6,000 za paneli, lakini kwanza waliliacha wazi katikati liingie mwanga na hewa vyenyewe. Walipunguza ndipo wakaongeza.

Baba mdogo alisikiliza yote. Kisha akasema, "Nyumba ya udongo? Watu watasema biashara imenishinda." Na kusema kweli, simlaumu. Huku kwetu kutoka udongo kwenda matofali ya kuchoma ndiko kuendelea. Mama yangu alikulia kwenye nyumba ya udongo iliyoanguka wakati wa masika.

Nilimjibu kwa Lamu, ambayo sijaifika lakini nimeisoma. Matajiri wa Kiswahili wa karne zilizopita walijenga majumba ambayo wageni walistaajabia, na hawakuagiza kuta kutoka mbali. Walitumia mawe ya matumbawe yaliyokuwa chini ya miguu yao, kuta nene kiasi cha nusu mita. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu. Kisima kilikuwa ndani, na bafuni birika la maji likiwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Kiwanda cha katikati kilileta hewa. Ukutani zilichongwa zidaka za kuweka sahani za Uchina. Anasa gani ipite hiyo? Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nisiwasifu kupita kiasi: chokaa yao nayo ilichomwa kwa magogo, na jiwe ni lile lile la gramu 44. Ila chokaa ikikauka ukutani huvuta tena kaboni hewani na kugeuka jiwe polepole, nyingi kuliko saruji ifanyavyo.

Akacheka, akaniuliza kama ninataka aweke samaki bafuni. Lakini siku iliyofuata alimuuliza fundi bei ya kukodi ile mashine ya kushindilia.

Hadi ninapoandika, mambo yako hivi. Tangi limekubaliwa, paa la zizi limekubaliwa, paneli tatu badala ya kumi na mbili alizoshauriwa na muuzaji. Mashine ya bafuni imefutwa kwenye ramani. Gesi imekubaliwa kwa sharti la nyanya kwamba abakishiwe jiko lake moja la kuni nje, lenye bomba la moshi, kwa ajili ya siku za wageni. Kwamba hapo jumba litafuka kidogo, najua, na nimeliandika kwenye hesabu. Gari sikuulizwa. Ningeulizwa ningemkumbusha kwamba boda boda ilizaliwa hapa mpakani, kuvusha watu kati ya Kenya na Uganda kwa baiskeli, bila tone la petroli.

Kuta bado. Baba mdogo ameagiza yatengenezwe matofali hamsini ya majaribio kwa udongo wa nyuma ya zizi. Yameanikwa chini ya mwembe, yamefunikwa magunia, nami ndiye ninayeyamwagia maji jioni nikitoka shule. Yakifika siku 28 tutamwita fundi ayapige nyundo mbele ya kila mtu, pamoja na tofali moja la kuchoma. Msingi utachimbwa mvua zikipungua.